UZI: Mbegu ya kitani, barua ya Amerika na nauli ya kulipiwa: undugu uliobeba biashara kati ya Ireland na Marekani

Gerezani_Jumla:
Wakuu, habari za jioni.

Hili jambo ninalo moyoni siku nyingi, leo nalimwaga. Mimi nauza vitambaa Kariakoo, na anayenifungia mzigo Guangzhou ni mdogo wangu, tumbo moja. Vijana huniuliza nawezaje kutuma mamilioni kwa mtu aliye nchi nyingine bila mwanasheria. Jibu langu ni fupi: akinidhulumu, atamwambia nini mama? Basi nikawa najiuliza, watu wa zamani walifanyaje wakati barua moja inakaa baharini wiki sita, nane, wakati mwingine zaidi? Nikaanza kusoma, nikazama kwa wafanyabiashara wa Ulster, kaskazini mwa Ireland, na ndugu zao wa Philadelphia, New York na Baltimore. Nitaandika kwa vipande, mwenye swali aulize hapo hapo.

Tuanze na mmea wenyewe. Kitani hakikatwi kwa mundu, kinang'olewa kwa mkono pamoja na mizizi ili uzi usipungue urefu hata kidogo. Ukitaka uzi laini wa kufuma mashati na shuka za bei, unaking'oa kingali kibichi. Unakilaza kwenye dimbwi siku kadhaa, ganda linaoza, nyuzi zinaachana nalo, na dimbwi linatoa harufu nzito ya uozo. Sasa angalia tatizo: ukikivuna kibichi, mbegu haijakomaa. Mkulima wa Ulster ana uzi mzuri kuliko wote, lakini msimu ujao hana cha kupanda.

Mbegu ilitoka Marekani. Kule Pennsylvania, New York na Connecticut wakulima walikiacha kitani kikomae. Vuli ikifika, wenye maduka vijijini wanakusanya mbegu, zinapakiwa kwenye mapipa, merikebu zinawahi kuondoka kabla mto Delaware haujaganda barafu. Lazima zifike Derry, Newry au Belfast, bandari za Ulster, kabla ya kupanda. Ukichelewa wiki tatu, mbegu yako haina mnunuzi tena mwaka ule.

Na wakati wa kurudi? Vitambaa vya kitani vina thamani kubwa lakini havijazi merikebu. Nafasi iko tupu, na nafasi tupu ni hasara. Wakapakia watu.

Nyota ya Pemba:
Subiri hapo mkuu. Unasema mbegu ndiyo iliyoamua watu wa wapi wahamie wapi?

Gerezani_Jumla:
Kwa sehemu kubwa ndiyo. Wengi wanajua Waairishi walikwenda Marekani kwa sababu ya njaa ya viazi ya 1845 hadi 1852. Hiyo ni kweli, lakini miaka mia moja na zaidi kabla yake njia ilikuwa imeshafunguliwa. Mwaka 1718 merikebu zilitoka Ulster kwenda Boston, na baadhi ya abiria wale ndio walioanzisha mji wa Londonderry kule New Hampshire, wakaendeleza ufumaji wao huko. Baadaye Philadelphia ndiyo ikawa mlango mkuu wa watu wa Ulster, kwa sababu ndiko mbegu ilikotoka na ndiko merikebu zilikorudi. Asiye na nauli aliweka saini mkataba wa kufanya kazi kwa miaka kadhaa, minne ilikuwa kawaida kwa mtu mzima, na nahodha au wakala aliuuza mkataba ule bandarini kwa yeyote aliyetaka mtumishi.

Sasa tuje kwenye undugu. Fikiria uko Belfast mwaka 1756. Umenunua mbegu New York kwa mali kauli. Mwenye mbegu analipwa kwa hawala inayokwenda kukatwa London. Wewe unategemea mtu wa New York asikuletee mbegu ya mwaka jana, asikuzidishie bei, asiwauzie vitambaa vyako watu wasiolipa. Akikudhulumu utajua baada ya miezi mitatu, na kesi itachukua miaka. Kwa hiyo unamweka nani New York?

Mjukuu wa Nahodha:
Mtoto wa kaka.

Gerezani_Jumla:
Naam. Au shemeji. Mfano ninaoupenda ni wa Thomas Greg na Waddell Cunningham. Greg alikuwa mfanyabiashara mwenye merikebu Belfast. Cunningham alikuwa kijana wa County Antrim aliyevuka kwenda New York miaka ya mwanzo ya 1750. Mwaka 1756 wakaingia ubia rasmi, mmoja huku, mmoja kule. Mbegu na mbao zinakwenda Ireland. Vitambaa vya kitani, siagi, nyama ya chumvi na watu vinakuja Marekani. Nusu ya mwisho ya miaka ile ilikuwa ya vita kati ya Uingereza na Ufaransa, na Cunningham hakuogopa kufanya biashara hata na visiwa vya adui. Alikuwa mtu mkali. Mwaka 1763 alimjeruhi mfanyabiashara mwenzake barabarani New York, na kesi yake, Forsey dhidi ya Cunningham, ikawa mgogoro mkubwa wa kisheria juu ya kukata rufaa dhidi ya uamuzi wa baraza la wazee wa mahakama.

Baadaye akarudi Belfast akiwa tajiri, akamwoa Margaret Hyde. Na mke wa Greg alikuwa nani? Elizabeth Hyde, dada yake Margaret.

Bint Mvita:
Huku kwetu pwani hao ni wanyumba. Wanaume wawili waliooa nyumba moja. Na mwanyumba mtu humheshimu, kwa kuwa mkikosana nyinyi, dada wawili hawatakaa kitako pamoja.

Gerezani_Jumla:
Ahsante dada, ndilo neno lenyewe! Wanyumba. Nimelitafuta tangu juzi.

Na ona ulivyoendelea undugu ule. Ndugu wengine wa kina Hyde walikuwa wafanyabiashara Manchester. Greg alipokuwa na mtoto wa kiume, Samuel, aliyezaliwa Belfast 1758, alimpeleka angali mdogo akalelewe na mjomba wake Robert Hyde huko Manchester. Mjomba akamfundisha biashara, akamwachia urithi. Mwaka 1784 Samuel Greg akajenga kiwanda cha kusokota pamba cha Quarry Bank, mojawapo ya viwanda vinavyojulikana sana vya mwanzo wa mapinduzi ya viwanda Uingereza. Mtaji wa mbegu ya kitani ya Marekani umo ndani ya ukoo ule.

Kaka_Mweusi_Tabora:
Mkuu naheshimu kazi yako, ila usituchoree picha ya sifa tupu. Wafanyabiashara wa karne ile wa Atlantiki, sukari na pamba. Watumwa wako wapi kwenye hadithi hii?

Gerezani_Jumla:
Umesema kweli na nilikuwa nakuja huko, sina nia ya kuficha. Siagi na nyama ya chumvi ya Ireland ililisha visiwa vya sukari. Greg na Cunningham walikuwa na shamba la miwa kisiwani Dominica, wakaliita Belfast. Mwaka 1786 Cunningham alitaka kuanzisha Belfast kampuni ya merikebu za watumwa. Mpango ule ulikwama. Jina linalokumbukwa katika kuupinga ni la Thomas McCabe, fundi wa saa na dhahabu mjini humo, ambaye inasimuliwa kwamba alimwapiza mtu yeyote atakayetoa fedha ya kwanza.

Na kuna jambo jingine ambalo lilinikosesha raha kabisa nilipolisoma. Karibu na 1770, Greg na Cunningham walikuwa wakipanda dau kwenye mikataba ya ardhi, mikataba ikiisha wanawazidi bei wakulima waliokuwa wakikaa pale. Wakulima wakaunda kundi la siri, wakajiita Mioyo ya Chuma. Desemba 1770 wakaandamana mamia kwa mamia hadi Belfast kumtoa mwenzao aliyekamatwa, wakaichoma moto nyumba ya Cunningham. Mwenzao akaachiwa. Sasa pima mwenyewe: mtu anakunyang'anya shamba kwa mnada, halafu merikebu zilizoko mikononi mwa watu wa aina yake ndizo zinazokuuzia nafasi ya kwenda Marekani. Hasara yako ni faida yake mara mbili. Undugu ule ulikuwa ngao ya waliomo ndani, na kwa waliokuwa nje ulikuwa ukuta.

Kaka_Mweusi_Tabora:
Hapo nimekuelewa. Endelea.

Nyota ya Pemba:
Hawa wote ni Waprotestanti wa Ulster. Wakatoliki hawakuwa na biashara?

Gerezani_Jumla:
Walikuwepo. Thomas FitzSimons alizaliwa Ireland 1741, akafika Philadelphia, akamwoa Catherine Meade mwaka 1761, kisha akafungua biashara pamoja na kaka wa mke wake, George Meade. Shemeji tena! FitzSimons ni mmoja wa Wakatoliki wawili waliotia saini Katiba ya Marekani mwaka 1787. Na wafanyabiashara wa Kiairishi wa Philadelphia, wa dini zote mbili, walikuwa na chama chao kimoja tangu 1771, Wana wa Kirafiki wa Mtakatifu Patrick. Mezani mle ndimo walimochunguzana nani anakopesheka.

Kabla sijafika kwa mtu ninayetaka kukaa naye zaidi, nimtaje kijana wa Strabane, mji wa Ulster. John Dunlap alizaliwa 1747, akiwa na miaka kama kumi akapelekwa kwa baba yake mdogo, William Dunlap, mchapishaji Philadelphia. Baadaye akaichukua kazi ile ya uchapaji. Usiku wa tarehe 4 Julai 1776 ni yeye aliyepewa karatasi ya Tangazo la Uhuru aichape, inakadiriwa nakala 200 hivi. Mwaka 1785 alimwandikia shemeji yake Strabane kwamba vijana wa Ireland wanaotaka kuwa huru na wenye furaha waondoke haraka waje Marekani. Barua ya namna hiyo haikubaki kwa shemeji peke yake, ilisomwa mji mzima.

Gerezani_Jumla:
Sasa Alexander Brown. Hapa naomba mnivumilie.

Alizaliwa Ballymena 1764, akafanya biashara ya vitambaa vya kitani Belfast. Mwaka 1800 akahamia Baltimore, ambako tayari alikuwa na ndugu waliomtangulia. Kabla mwaka ule haujaisha alikuwa ameshatangaza gazetini kuwa ana vitambaa vya kitani vya Ireland vya kuuza. Alikuja na mkewe Grace na mtoto wa kwanza, William. Wadogo watatu, George, John na James, aliwaacha shuleni Uingereza kwanza.

Watoto wanne wa kiume. Angalia alivyowapanga. William alitumwa Liverpool, akafungua duka la biashara 1810, kwa sababu Liverpool ndiko pamba ya Marekani inakofikia na ndiko vitambaa vinakotoka. John akaenda Philadelphia 1818. James akaenda New York 1825. George akabaki Baltimore na baba. Miji minne, mtoto mmoja kila mji. Mzee anakaa Baltimore anaandika barua: usikopeshe fulani, hawala ya fulani usiikubali, merikebu ifike mapema kuliko ya mshindani ili sisi ndio tujue bei kwanza.

Polepole vitambaa vikawa jambo dogo. Kilichobaki kuwa bidhaa kubwa ni jina lenyewe. Mfanyabiashara wa Baltimore anayetaka kununua Uingereza hajulikani huko. Lakini akiwa na barua ya dhamana ya Brown, muuzaji wa Manchester anampa mzigo, kwa kuwa William yuko Liverpool atalipa, na William atalipa kwa kuwa baba yake ameandika. Kwa lugha yetu ya dukani: walikuwa wanauza "namjua huyu". Ndiyo benki ilivyozaliwa pale. Na tuseme wazi, fedha nyingi katika mzunguko ule zilitoka kwenye pamba ya majimbo ya kusini, iliyolimwa na watumwa.

Mzee alifariki 1834, akiacha mali ya karibu dola milioni 2. Miaka mitatu baadaye mtihani ukaja. Mwaka 1837 soko la pamba likaanguka, mikopo ikafungwa, nyumba kubwa za biashara ya Marekani huko Uingereza zikaanza kufa moja baada ya nyingine. William Liverpool alikuwa na hawala za Wamarekani zinazoiva kila wiki, na Wamarekani hawana cha kulipa. Akaenda Benki Kuu ya Uingereza, ikakubali kumfungulia mkopo wa karibu pauni milioni 2. Nyumba zenzake zilikuwa zimekopa mno zikashindwa kulipa, lakini nyumba ya Brown ilikopeshwa. Hawakuuchukua mkopo wote, na walichochukua walikirudisha mapema.

Nesi wa Boston:
Shikamoo wote wakubwa zangu. Nimesoma tangu mwanzo. Swali langu: je, familia hizi zilivuka zikaachana, au walikuwa wanatembeleana?

Gerezani_Jumla:
Marahaba mdogo wangu. Walitembeleana, na swali lako linanipeleka kwenye jambo la huzuni. James wa New York alikuwa mfadhili mkubwa wa kampuni ya Collins, iliyokuwa na meli za mvuke kati ya Liverpool na New York. Septemba 1854 baadhi ya watoto na wajukuu wake walikuwa wanarudi kutoka Uingereza ndani ya meli ya kampuni hiyo, Arctic. Karibu na Newfoundland, kwenye ukungu, tarehe 27, Arctic ikagongana na meli ndogo ya Kifaransa, Vesta. Arctic ikazama. Hakuna mwanamke wala mtoto hata mmoja aliyeokoka. James alipoteza watu sita wa nyumbani kwake siku moja: mtoto wa kiume, mabinti wawili, mkwe na wajukuu wawili. Ndani ya meli aliyoilipia yeye.

Niliposoma hapo niliweka simu chini.

Bint Mvita:
Innaa lillahi. Bahari haina shemeji.

Nesi wa Boston:
Sasa watu wa chini je? Sisi tusio na baba mwenye merikebu.

Gerezani_Jumla:
Hao ndio wengi, na mfumo wao ulikuwa ule ule kwa udogo. Baada ya njaa kubwa, wasichana wa Kiairishi walijaa kazi za nyumbani New York, Boston, Philadelphia. Walikula na kulala kwa tajiri, mshahara ukabaki karibu wote. Ulikwenda nyumbani. Kati ya 1848 na 1887 fedha zilizotumwa kutoka Amerika ya Kaskazini zinakadiriwa kufika pauni milioni 34, na sehemu kubwa yake haikuwa fedha mkononi, ilikuwa tiketi ya kulipiwa.

Ilikuwa hivi. Dada anaingia kwa wakala Philadelphia, anaandikisha: mdogo wangu fulani, wa kijiji fulani, atoke Derry. Analipa. Wakala anapeleka orodha ng'ambo kwa wenye merikebu, J. & J. Cooke au William McCorkell wa Derry. Mdogo mtu anapata cheti ndani ya barua. McCorkell walikuwa na merikebu mashuhuri, Minnehaha, iliyojengwa 1860. Orodha za waliolipiwa Philadelphia zipo hadi leo, na ukizipitia unaona jina moja la ukoo likirudi mwaka huu, mwaka kesho, mwaka kesho kutwa. Mmoja anamvuta mwingine.

Na kijijini Ireland aliyekuwa katikati ni mwenye duka. Familia inachukua unga, chai na sukari kwa mkopo mwaka mzima. "Barua ya Amerika" ikija, inasomwa kwa sauti majirani wakisikiliza, kisha hawala iliyo ndani inapelekwa dukani. Deni linakatwa, kodi ya ardhi inatolewa, kinachobaki kinahesabiwa. Mara nyingi mwenye duka huyo huyo ndiye wakala wa tiketi za meli. Alimkopesha baba kwa kuwa alijua binti yuko Boston.

Usiku wa kuamkia safari walifanya mkesha, kama wa maiti. Ngoma, pombe, vilio. Wazazi walijua wengi hawatamwona tena mtoto yule.

Nesi wa Boston:
Kaka, nimelia hapa kazini wakati wa mapumziko. Mimi ndiye wa kwanza kwetu kuja. Nimemlipia mdogo wangu nauli mwaka juzi, yeye na mimi sasa tunamlipia wa tatu. Duka la jirani kwetu Muheza linamkopesha mama bila kuandika, kwa kuwa wanajua tarehe yangu ya mshahara. Sikujua kuna watu walishaishi hivi hivi katika mji huu huu ninaoishi.

Mjukuu wa Nahodha:
Niongeze la Unguja. Merikani ile waliyovaa babu zetu ilifumwa Massachusetts, ikaletwa na merikebu za Salem, hasa baada ya mkataba wa Seyyid Said na Marekani wa 1833. Mifereji ya viwanda vya Lowell ilianza kuchimbwa na vibarua wa Kiairishi 1822, na baada ya njaa Waairishi wakajaa mashineni katika viwanda vya jimbo lile. Huenda mkono wa binti aliyekuwa akituma hawala Cork ndio ulioigusa merikani ile kabla ya sisi.

Gerezani_Jumla:
Hilo sikulijua, ahsante sana kaka. Nitalifuatilia.

Kaka_Mweusi_Tabora:
Fedha hizo zilipitia wapi kwa usalama? Maana matapeli hawakosekani bandarini.

Gerezani_Jumla:
Walikuwa wengi. Mgeni aliyeshuka New York alipokelewa na watu wa lugha yake mwenyewe wakimuuzia tiketi bandia za garimoshi. Ndiyo maana wafanyabiashara wa Kiairishi waliokwisha kufanikiwa walianzisha Chama cha Wahamiaji wa Kiairishi mwaka 1841, kilichouza hawala za kuaminika za kwenda Ireland. Mwaka 1850 wanachama wake wakafungua benki ya akiba ya wahamiaji mjini New York. Mtumishi wa ndani aliweza kuweka dola chache chache. Vitabu vyake vya kufungulia akaunti viliuliza mambo ambayo benki zetu haziulizi: umezaliwa kijiji gani, ulikuja kwa merikebu gani, ndugu zako ni nani na wako wapi. Ilikuwa njia ya kumtambua mtu asiyejua kuandika jina lake. Karani anauliza jina la mama yako na dada zako, na ukijibu kama ilivyoandikwa, unapewa fedha yako.